Haki ya Kufiwa

Skolastika Mgaya alipompa mbwa wake jina la Hayawahusu, alikuwa na majirani wawili akilini, na wote wawili walijua. Kila jioni alisimama kwenye geti la kitalu chake cha miche ya parachichi, akaita kwa sauti ya mwanakwaya, "Hayawahusu! Hayawahusu!" na ng'ambo ya barabara watu wakafunga madirisha kwa kishindo. Mbwa alikuja mbio, mkia juu, hana habari kwamba yeye ni kijembe. Ndivyo Njombe ilivyoishi hata baada ya magari kuanza kujiendesha na droni kunyunyizia chai: baridi ilikuwa ileile, na mwenye la kumwambia jirani alimwambia mbwa.

Sasa Hayawahusu hakuja mbio tena. Alikuja akijikongoja, akanywa maji bakuli zima, akarudi kulala. Asubuhi aliyokataa hata firigisi, Skolastika alimpakia kwenye toroli la miche, akamsukuma kupanda kilima hadi kwa Daktari Ngailo wa mifugo. Watu walisimama kumwangalia mama mzima anasukuma mbwa kama mgonjwa wa hospitali ya mkoa. Naye aliwaangalia, mmoja mmoja, mpaka wakakumbuka shughuli zao.

"Figo, dada Skola," daktari alisema baada ya kumpima. "Zimechoka. Nikimtundikia dripu kila wiki, na akila chakula nitakachokuelekeza, huenda mkala Krismasi pamoja. Kupona, hapana."

"Anaumia?"

"Ana kichefuchefu na uchovu. Maumivu naweza kuyatuliza. Siku nitakaposhindwa nitakwambia, sitakuficha."

"Basi tundika. Bima ninayo."

Daktari aliacha kufungua pakiti ya sindano. "Ya kampuni gani?"

"Usifiwe."

"Hao hawalipii dripu, dada. Hawalipii dawa ya aina yoyote."

"Wanalipia nini sasa? Nimewalipa kila mwezi kama mjinga!"

"Kwanza niambie," daktari akasema kwa upole, "jina lao ulilisoma vipi?"

Skolastika alilikumbuka lile bango la stendi. Lilikuwa na mbwa anayecheka na neno moja kubwa: USIFIWE. Mwenye haraka alisoma baraka hapo: upewe sifa, uonekane mtu wa maana. Na majirani zake walikuwa wameshakatia paka wao bima, wanapita wamebinua midomo, kwa hiyo Skolastika naye alisoma kwa haraka. Alikata bima kama wengi wetu tunavyokata, macho yamefumbwa na kidole gumba kimebonyeza.

"Si kusifiwa," daktari akasema. "Ni kutofiwa. U-si-fiwe. Wanakuhakikishia kwamba hutafiwa kamwe. Mnyama akikaribia kufa wanamchukua, wanakuletea mwingine ambaye ni yuleyule."

"Mwingine yuleyule ndiyo lugha gani hiyo?"

"Utamwona. Huo mkanda wa shingoni umeshawapa taarifa."

Skolastika aliutazama ule mkanda mweusi kwenye shingo ya Hayawahusu. Aliwahi kuambiwa ni wa kumtafutia mbwa akipotea. Alijiona mjinga, na kwake yeye ujinga haukukaa muda mrefu kabla ya kugeuka hasira. Alimwambia daktari atundike dripu, atalipa mwenyewe, na aliufungua ule mkanda akautia mfukoni.

*

Gari jeupe la kampuni lilijileta hadi getini bila dereva, likajizima. Aliyeshuka alikuwa Aidani Kihwele, wakala aliyemuuzia ile bima, mtu wa Iringa, mrefu, mwenye kofia ya sufu na uso wa kuchekacheka. Siku hiyo uso ulikuwa umepungua kicheko.

"Mhehe kuja kwa Mbena mchana kweupe kuchukua mbwa," Skolastika alisema nyuma ya geti, "halafu unataka nikufungulie?"

"Sufuria nimeiacha nyumbani, mtani," Kihwele akajibu, kwa kuwa utani wa Wahehe kula mbwa haukatwi hata penye msiba. Kisha akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari.

Aliyeruka nje alikuwa Hayawahusu. Hakufanana naye tu. Alipita chini ya geti pale pale alipozoea kupita, akakimbia moja kwa moja hadi nyuma ya jiko, akafukua penye mboji, akatoa mfupa ambao hakuna binadamu aliyejua upo. Kisha akamwendea Edita, wifi yake Skolastika, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha ukindu akimenya viazi. Akamwegemea mguu wa kushoto, ule wenye baridi yabisi, kama alivyofanya kila asubuhi ya baridi kwa miaka.

Kisu kilimponyoka Edita. "Wifi," alisema, machozi yameshamtoka. "Wifi, ni yeye! Ni yeye wa wakati ule!"

Ule mkanda wa shingoni ulikuwa ukisikiliza ubongo. Kila mbwa alipolala, ulikusanya aliyojifunza mchana, harufu, njia, sauti, nani ana huruma na nani ana fimbo, ukayatuma kwenye mitambo ya kampuni huko Dodoma. Huko, ndani ya tangi, mwili ulikuwa umekuzwa kutokana na tone la damu lililochukuliwa siku ya kukata bima. Ulikuwa mwili wa mbwa kijana, figo mpya, meno meupe, na kumbukumbu zote zikamiminwa humo. Kijana huyu hakujua kwamba amezaliwa. Alijua tu kwamba alilala mgonjwa akaamka mzima, na kwamba sasa yuko nyumbani.

Alipochoka kusalimia alikwenda kwenye gunia lake la kulalia, akakuta yeye mwenyewe ameshalala hapo.

Walitazamana, mzee na kijana. Mzee alimnusa kwa taabu, pua ikitetemeka, akaona hakuna jipya, akalaza kichwa. Kijana alibaki amesimama na mguu mmoja juu. Hakubweka. Alimgeukia Skolastika kwa macho ya mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha ya waliofariki.

"Kipenzi kipya kimefika salama," gari likasema kwa sauti tamu ya mwanamke. "Tafadhali pakia kipenzi kilichochakaa."

"Nyamaza wewe!" Skolastika akalifokea. Akamgeukia Kihwele. "Kikishapakiwa?"

Kihwele alikuwa akiangalia viatu vyake. "Serikali inaruhusu kumbukumbu moja ikae katika mwili mmoja tu, mtani. Cha zamani kinazimwa. Hakuna maumivu, kama kulala."

"Na nikikatalia?"

"Hapo nakirudisha hiki kipya. Kinafutwa kumbukumbu, mwili unakwenda kwa mteja mwingine."

"Kwa hiyo umeniletea wawili nichague wa kuuawa."

"Mtani, usiseme hivyo."

"Niambie basi nisemeje."

Edita ndiye aliyepata la kusema. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamvuta wifi yake pembeni, nyuma ya mifuko ya udongo wa miche.

"Wifi, mimi najua huambiliki, lakini leo nisikilize. Mzee wa watu anatapika usiku kucha. Wewe unamtundikia maji, unampa uji kwa kijiko, na haponi. Yule kijana pale anakujua. Anajua hata mguu wangu unaouma! Mwache mzee akapumzike, tubaki na kijana. Hasara iko wapi? Bima umeshailipia."

Skolastika alitaka kumjibu kwa ukali, akashindwa, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshasema maneno yaleyale. Yule kijana alipomrukia getini alikuwa amesikia furaha ya aibu, furaha ya kurudishiwa miaka. Angeweza kuwa naye miaka mingine kumi na zaidi. Na baada ya hapo mwingine, na mwingine, mpaka yeye mwenyewe azikwe, mbwa akiwa kijana vilevile.

"Au unamtesa ili wewe upate kulia?" Edita akaongeza. Alikuwa mpole, na ndiyo maana yalichoma.

Skolastika alirudi penye gunia, akachuchumaa. Mzee alifumbua jicho moja, akautafuta mkono wake kwa ulimi mkavu. Huyu ndiye aliyelala chini ya kitanda wiki nzima mumewe Osmundi alipofariki. Kijana anakumbuka kulala chini ya kile kitanda, ndiyo. Lakini aliyelala ni huyu.

"Siku Ngailo atakaponiambia maumivu yamemshinda, nitamwita aje na sindano," alimwambia wifi yake, na sauti yake haikutikisika. "Sitamtesa. Lakini atafia hapa, mkono wangu ukiwa kichwani kwake. Hawezi kufia kwenye gari linaloongea." Akainuka. "Kihwele! Andika kwamba mteja amesajili mgogoro. Mgogoro ukisajiliwa, wote wanabaki hapa mpaka Baraza liamue. Safari hii masharti nimeyasoma."

Kihwele aliandika. Skolastika aliona wazi kwamba aliandika haraka kuliko alivyohitaji, kisha akapanda gari lake akaondoka kabla halijamshauri vinginevyo.

*

Ukumbi wa Baraza la Usuluhishi wa Bima ulijaa kuliko viti vyake. Majirani wawili wa ng'ambo ya barabara walikuja pia, na paka wao kwenye vikapu, wakisema wamepita tu. Mwamuzi alikuwa Bi. Veneranda Luoga, mwanamke mnene mwenye kikohozi, ambaye alikuwa ameshaamua kesi tano za bima ya mazao asubuhi hiyo na hakuficha kwamba ana njaa. Skolastika alikaa mbele na Edita, aliyebebewa kiti chake cha ukindu kwa sababu ya mguu. Mzee alilala chini, juu ya gunia. Kijana alikaa karibu naye, bega kwa bega.

Kampuni ilikuwa imemleta Wakili Mchomvu kutoka makao makuu, kijana nadhifu, mwenye sauti ya kutangazia ndege.

"Mheshimiwa, hatumwonei mama huyu," alianza. "Kampuni yetu inamwondolea mteja msiba. Hilo tu. Ni nani duniani anayependa msiba?"

"Mama Mgaya?" mwamuzi akauliza.

Skolastika alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri tangu jana yake na yote yalikuwa yamekimbia, kwa hiyo alisema yaliyobaki.

"Siupendi, Mheshimiwa. Nimeuona. Nimemzika mama yangu, nimemzika mume wangu Osmundi. Nilipofiwa na Osmundi watu walijaa nyumbani, wakalala sakafuni, wakanipikia, huyu wifi yangu akanishika pua ninywe uji. Hakuna aliyeniletea mwanamume mwingine mwenye masharubu kama ya marehemu akaniambia, haya mama, nyamaza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Bi. Veneranda aliinamia maji yake akanywa kidogo.

"Kufiwa si ugonjwa mpaka mnikinge nao," Skolastika akaendelea, na sasa alikuwa amepata moto. "Nimempenda mbwa huyu, na kumlilia ni sehemu ya kumpenda. Ni haki yangu. Bima yao inalipa ili nisilie. Nani aliwaambia sitaki kulia?"

"Yanagusa sana," wakili akasema, "lakini mkataba ni mkataba." Akausoma kwa sauti. "Kipenzi kilichokatiwa bima kikichakaa, kitabadilishwa kwa kingine, na kilichochakaa kitarudi kuwa mali ya kampuni. Mteja alikubali. Hakulazimishwa."

"Soma tena, baba, polepole," Skolastika akasema.

Wakili akasoma tena, akidhani anamshinda. Lakini Skolastika alikuwa ameshasikia alichokuwa akikisikia tangu siku ile gari lilipomsemesha, kile kilichomkereketa kama jiwe kwenye wali bila yeye kujua ni nini.

"Nyumbani kwangu hakuna kilichochakaa," alisema, "isipokuwa hicho kiti alichokalia wifi yangu. Kiti hiki kimechakaa. Mbwa huyu amezeeka. Mwulize mtoto wa chekechea, Mheshimiwa, hatakosea. Mimi sikukatia bima kitu chochote. Wanasema kilichokatiwa bima ni chao: wakichukue wakikiona. Wakitaka kiti, wifi atasimama."

"Nasimama!" Edita akasema.

Wakili alitabasamu kwa uvumilivu. "Mheshimiwa, hilo ni suala la sarufi tu. Mtambo wetu wa lugha uliandika kipenzi, ukaendelea na ki kwa ki. Maana inaeleweka."

"Mikataba yote imeandikwa kwa sarufi, wakili," Bi. Veneranda akasema. "Mngetaka kuiandika kwa kitu kingine mngeniambia mapema."

"Basi nitaonyesha kwa kidole, pasiwe na utata." Wakili alitoka nyuma ya meza yake, akamwendea mzee pale kwenye gunia. "Hiki hapa ndicho kinachozungumzwa." Akainama, akashika kamba ya shingoni, akavuta.

Mzee alitoa sauti ndogo. Na kijana, ambaye asubuhi nzima hakuwa amebweka hata mara moja, aliruka katikati yao meno nje. Wakili alijikuta juu ya meza ya karani, karatasi zikiruka huku na huku.

"Mshikeni huyu!" alipiga kelele. "Anataka kuning'ata! Huyu ana wazimu, mshikeni!"

Skolastika alimshika kijana shingoni. Bi. Veneranda aliweka glasi yake mezani.

"Nani anataka kukung'ata, wakili?"

"Huyu, Mheshimiwa, huyu mpy..." Kila mtu aliona neno linavyomkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Alipokuwa mpole kilikuwa hiki," Skolastika akasema. "Alipotoa meno akawa huyu."

Safari hii watu hawakucheka. Mmoja wa wale majirani wa ng'ambo alikuwa ameingiza mkono kwenye kikapu, akimshika paka wake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma bango upya.

Bi. Veneranda aliandika kwa muda, akakohoa, akatoa uamuzi. Ibara inahusu kitu. Mbele yake haoni kitu, anaona mbwa wawili walio yuleyule, na mmoja wao wakili wa kampuni mwenyewe, akiwa katika hofu na kwa hiyo akisema kweli, amemwita kwa ngeli ya wenye uhai. Mkataba haumshiki mbwa mzee. Bima imevunjika. Kwa kuwa imevunjika, mteja hatapata fidia, wala malipo yake ya nyuma hayatarudishwa.

"Wabaki nayo," Skolastika akasema. "Wanunue kamusi."

"Keti, mama, sijamaliza." Sauti ya mwamuzi ilikuwa imeshuka. "Huyu mdogo ni suala lingine. Miili iliyokuzwa ina sheria yake, na sheria hiyo haiko mikononi mwangu. Mwili wake ni wa kampuni. Wakienda mahakamani watapata hati, na wakipata hati watakuja kumchukua."

Skolastika hakuketi. Alikuwa amekuja kumpigania mmoja, na angeweza kwenda nyumbani ameshinda. Ndivyo Edita alivyokuwa akimvuta sketi kumwambia. Lakini kijana alikuwa bado anatetemeka kiganjani mwake, roho ikimdunda, na yeye ndiye aliyekuwa amesema mbele ya umati kwamba huyu ni huyu. Hakuweza kulisema kwa mmoja akalimeza kwa mwingine.

"Waje," alisema. "Lakini wanikute."

*

Hayawahusu mzee hakufika Krismasi. Alifika mvua za mwanzo, dripu baada ya dripu, na katika miezi hiyo kijana alijifunza kuwa wa pili. Alimwachia gunia akalala pembeni, akangoja mzee anywe maji kwanza. Edita, ambaye alikuwa wa kwanza kumtaka, ndiye aliyewapa majina ya kuwatofautisha, Mkubwa na Mdogo, akisema yeye hawezi kuita mbwa wawili kwa jina moja kama mtu anayegombana na kijiji kizima.

Halafu Daktari Ngailo alikuja asubuhi moja yenye ukungu, akamshika mzee, akamtazama Skolastika, akamwambia alichoahidi kumwambia. Mzee alichomwa sindano yake ya mwisho kwenye gunia lake, nje, karibu na jiko lenye moto. Mkono wa Skolastika ulikuwa kichwani kwake. Hakuna gari lililosema neno.

Walimzika mwisho wa kitalu, penye miche mikubwa. Skolastika alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akafukia, akapiga udongo kwa bapa la koleo. Alingoja kilio kije. Alikuwa amekipigania barazani, amekisema mbele ya watu, na sasa hakikuja. Macho yalikuwa makavu kama mahindi ya mbegu. Alirudi ndani akanywa chai, akatoka akamwagilia miche. Alimkaripia Edita kwa sababu ya chumvi. Alianza kuogopa kwamba kampuni ilikuwa imemshinda kwa njia nyingine, imemkausha.

Mdogo yeye hakurudi ndani. Alilala juu ya udongo ule mbichi, kidevu chini, mvua ikimnyeshea. Edita alimpelekea firigisi, akazitazama, akageuza uso.

Siku ya tatu gari jeupe lilikuja. Kihwele alishuka akiwa na karatasi yenye mhuri, akasimama nje ya geti kama aliyesahau jinsi mageti yanavyofunguliwa.

"Mtani," alisema. "Wameipata hati. Nimetumwa nikichu..." Akajirekebisha, na kujirekebisha kwenyewe kukamchosha. "Nimetumwa."

"Inasema uchukue nini?"

"Kitu kilichokuzwa na kampuni."

"Ingia ukitafute." Skolastika alilifungua geti lote, akasimama katikati yake, koleo mkononi. "Pale kuna kiti. Kule kuna toroli, pipa, jembe, chukua vyote. Lakini yule aliyelala pale kwenye udongo, Kihwele, mtazame vizuri. Tangu juzi hajala. Pale chini amelala yule aliyekuwa yeye. Wewe unaijua dunia kuliko mimi, umetembea: umewahi kuona kitu kinafiwa?"

Kihwele alitazama. Mdogo hakuinua kichwa. Mkia wake ulikuwa umelowa tope.

"Kitu hakifiwi," Skolastika akasema, na sauti ilianza kumpasuka, akaisukuma mbele hivyohivyo. "Yule ni mfiwa. Kwenu Iringa, nyumba ikiwa na matanga, mtu huingia na hati? Rudi ukawaambie wanipeleke jela. Rudi ukawaambie nimeiba. Wakikuuliza nimeiba nini, uwaambie hukuona nini yoyote hapa, umemwona nani."

"Tafadhali pakia kipenzi cha kampuni," gari likasema nyuma yake.

Kihwele aligeuka, akaingiza mkono dirishani, akalizima. Kisha akaikunja ile hati, akaitia mfukoni, akavua kofia yake ya sufu. Alipita mbele ya Skolastika, akaenda hadi mwisho wa kitalu, akachuchumaa kwenye tope la udongo ule, suruali ya kazi na yote. Alimtazama mbwa, akamtazama mwanamke aliyemfuata.

"Poleni," alisema.

Skolastika alisikia lile neno lilivyowachukua wote wawili pamoja, yeye na Mdogo, likawaweka kwenye mkeka mmoja. Alifungua kinywa amjibu inavyojibiwa.

"Tumeshapoa," alisema, na hapo hapo koleo likamwanguka, naye akaangua kilio, kilio kikubwa cha kupiga kelele, cha kusikika hadi barabarani. Mdogo aliinua kichwa, akauelekeza mdomo juu kwenye mvua, akalia naye.